Kurudisha Shamba Lililomezwa na Pori

Shamba likiachwa bila jembe kwa misimu miwili tu, huanza kurudi porini. Mwaka wa kwanza hutawaliwa na magugu ya muda mfupi: kishonanguo, mchicha pori, mbigiri. Mwaka wa pili nyasi za kudumu hujipenyeza, na baada ya hapo huja vichaka vyenye shina gumu na miche ya miti ambayo mbegu zake zilidondoshwa na ndege. Mashamba ya namna hii yako kila mahali. Mengine ni ya urithi ambao warithi wake wote wanaishi mjini, mengine ni viwanja vilivyonunuliwa pembezoni mwa miji vikasubiri ujenzi usioanza, na mengine ni vipande vya nyuma ya shule au zahanati ambavyo hakuna aliyewahi kuamua vitumikeje.

Mtu akisimama mbele ya pori la namna hiyo huona urefu wa nyasi, akadhani hiyo ndiyo kazi. Kufyeka robo ekari ni suala la siku chache. Kazi yenyewe iko chini: mizizi inayotambaa, viazi vidogo vya ndago, na mbegu zilizolala udongoni zikingoja mwanga. Anayefyeka, akachoma, akalima mara moja na kupanda eneo zima, huwa ameyaondolea magugu kivuli na kuyalainishia udongo. Wiki chache baada ya mvua ya kwanza hulazimika kutafuta mistari yake ya mahindi katikati ya zulia la kijani.

Kabla ya panga kuguswa, inafaa kujua pori hilo ni la nani na ndani yake kuna nini. Ardhi inayoonekana haina mtu mara nyingi ina mtu. Katika vijiji vya Tanzania, mambo haya huanzia kwa serikali ya kijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Pwani na Zanzibar kuna jambo la ziada: mnazi, mkarafuu au mwembe unaweza kuwa na mwenyewe ambaye siye mwenye ardhi, na kuukata ni kuanzisha kesi. Makaburi ya zamani hufunikwa na vichaka kabisa. Alama za mipaka nazo hupotea. Uchagani mpaka huwekwa kwa masale na kwingineko kwa minyaa, na mfyekaji mgeni aliyeletwa kwa malipo ya kutwa huviona vyote ni kichaka. Hivyo hatua ya kwanza ni kuzunguka eneo pamoja na jirani anayelifahamu, kufunga vitambaa kwenye mipaka na miti ya kubaki, kisha kupima. Kipimo cha kawaida cha ekari moja Tanzania ni hatua 70 kwa 70, karibu mita za mraba 4,000. Robo ekari ni hatua 35 kwa 35. Hatua inayokusudiwa hapo ni yadi moja, sentimita 91, kwa hiyo wenye miguu mifupi watumie kamba.

Mzunguko huo huo ni nafasi ya kusoma magugu, maana yanaeleza habari za udongo kabla haujachimbwa. Mchicha pori na mnavu ulionawiri kwa majani mapana ya kijani kizito huonyesha mahali palipokuwa na zizi au jalala, penye nitrojeni ya kutosha. Kiduha, kile kimea chenye maua ya zambarau kinachonyonya mizizi ya mahindi na mtama, huonyesha ardhi iliyochoshwa na nafaka mfululizo. Matete na mafunjo ni dalili ya maji yasiyopata pa kwenda. Na penye nyasi ndefu zenye vichwa vyeupe vya manyoya na mizizi yenye ncha kali kama sindano, kwa kawaida moto umepita mara nyingi. Nyasi hizo huungua juu, hubaki salama chini, na kila mchomo huziondolea washindani.

Wakati wa kuanza huamuliwa na mvua. Penye misimu miwili, yaani vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei, pori la nyasi za kudumu hushughulikiwa vizuri zaidi katika miezi mikavu ya kipupwe, kuanzia Juni, ili kiangazi kimalizie kazi kabla ya vuli. Penye msimu mmoja, kama Dodoma, Ruvuma au Mbeya, ukame mrefu kuanzia Mei unatoa nafasi kubwa zaidi, ingawa wengi huipoteza na kukurupuka Novemba mawingu yakishajikusanya. Kufyeka kunakofaa zaidi ni kule kunakofanyika kabla magugu hayajakomaza mbegu. Mche mmoja wa mchicha pori unaweza kudondosha makumi ya maelfu ya mbegu, na wiki moja ya kuchelewa inaweza kuongeza kazi ya miaka kadhaa ya palizi.

Vifaa vinajulikana: panga na fyekeo kwa sehemu ya juu, shoka na sululu kwa visiki, mtaimbo kwa mawe, jembe na jembe uma kwa udongo, reki ya kukusanyia. Buti za mpira hazipaswi kuwa kitu cha hiari. Kifutu ni nyoka mzito asiyekimbia anaposikia kishindo; hutulia kwenye majani makavu hadi akanyagwe. Kwa sababu hiyo fyeka huanzia upande mmoja na kusonga kwa mstari, ili wanyama wapate pa kutokea, badala ya kuanzia kingo zote na kuwafungia katikati. Mizinga ya nyuki na viota vya nyigu hutafutwa kwa macho kwanza, na penye makazi ya watu hutazamwa pia chupa zilizovunjika, nyaya na mabati yenye kutu.

Upupu unastahili onyo lake. Maganda yake yanapokauka, vinyweleo vya rangi ya kahawia hupeperuka kwa upepo au kwa pigo la panga, na mwasho wake umesimamisha kazi ya wanaume wazima. Njia nzuri ni kuukata ungali kijani. Ukishakauka, hukatwa alfajiri ukiwa na umande, mfyekaji akiwa amevaa mikono mirefu na upepo ukiwa mgongoni kwake. Aliyepatwa asijikune, kwa kuwa kujikuna husukuma vinyweleo ndani zaidi ya ngozi.

Vichaka vya miti havimalizwi kwa panga. Lantana, ambayo sehemu nyingine huitwa mvuti, ikikatwa juu huchipua mashina mengi kuliko ya mwanzo. Sharti ing'olewe na kisiki chake, hasa ardhi ikiwa na unyevu kidogo. Majani yake ni sumu kwa mifugo, kwa hiyo isirundikwe wanapopita ng'ombe na mbuzi. Si kila mti unaopaswa kutoka, hata hivyo. Miti michache iliyonyooka ikipunguzwa matawi hutoa kivuli cha wastani na majani ya kurutubisha ardhi, na ni rahisi kuuondoa mti baadaye kuliko kuurudisha.

Sasa ardhi imefunikwa na marundo ya nyasi na matawi, na hapo ndipo mkono unapotafuta kiberiti. Moto una hoja zake, na wakulima wanaoutumia si wajinga. Husafisha kwa saa moja kile ambacho mikono ingehamisha kwa wiki, huua mbegu zilizo juu kabisa, hufukuza nyoka na panya, na huacha majivu yenye potasiamu na chokaa yanayopunguza uchachu wa udongo. Mazao ya mwaka wa kwanza mara nyingi huwa mazuri. Ila sehemu kubwa ya nitrojeni na salfa iliyokuwa ndani ya majani hupaa na moshi, majivu yenyewe huchukuliwa na mvua kubwa ya kwanza, na udongo unabaki uchi jua na matone ya mvua vikiupiga. Wakati huo viazi vya ndago na mizizi ya sangari, sentimita chache chini, havijaguswa. Moto wa shamba pia haujui mpaka wa jirani, na chanzo cha mioto mingi ya misituni ni shamba lililokuwa likiandaliwa. Anayelazimika kuchoma, kwa mfano matawi yenye miiba au mabua yenye ugonjwa, hukusanya rundo dogo mahali palipolimwa kuzunguka, hupata kibali cha uongozi wa eneo, na huchoma jioni pasipo na upepo.

Kwamba pori kubwa linaweza kurudishwa shambani bila moto si wazo la semina. Wamatengo wa Mbinga, mkoani Ruvuma, wamekuwa wakifanya hivyo kwa vizazi vingi kwenye milima yenye miteremko mikali, kwa kilimo kinachojulikana kama ngoro. Mwezi Machi, mvua zikielekea ukingoni, nyasi za shamba lililopumzika hufyekwa na kuachwa zikauke. Kisha hupangwa ardhini kwa mistari inayokatana, kukawa na miraba ya mita moja na nusu hivi kila upande. Udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kutupwa juu ya mistari ya nyasi mpaka zifunikwe. Kinachobaki ni shamba lenye mashimo mengi yaliyozungukwa na matuta, na ndani ya kila tuta kuna nyasi zinazooza taratibu. Maji ya mvua hutuama ndani ya mashimo badala ya kuteremka na udongo, na magugu ya palizi hutupwa humo humo kuwa mboji.

Kinachovutia zaidi ni mpangilio wa mazao. Kwenye matuta mapya hupandwa maharage kwanza, na mahindi hufuata msimu wa mvua unaokuja. Mpangilio huo una faida ambayo sayansi ya udongo inaieleza vizuri. Nyasi kavu zinapofukiwa, vijidudu vinavyoziozesha huhitaji nitrojeni na huichukua kutoka kwenye udongo, hivyo mahindi yakipandwa mapema juu yake hugeuka manjano. Maharage hujitafutia nitrojeni yake kwa msaada wa bakteria wa mizizini, na mahindi huja nyasi zikiwa zimeshaoza na kuanza kurudisha zilichochukua. Katika uwanda wa Ufipa, mkoani Rukwa, nyasi nazo hufukiwa ndani ya vichuguu vya udongo kwa mantiki inayokaribiana. Mwenye kiwanja cha robo ekari Kibaha au Kikuyu hana haja ya kuchimba ngoro, lakini anaweza kupanga nyasi zake katika mistari, akazifunika kwa udongo na kuanza na kunde au maharage, badala ya kuwasha kiberiti.

Baada ya juu kusafishwa, hufika zamu ya maadui wa chini, na kila mmoja ana tabia yake.

Sangari hutambaa kwa mashina meupe ya chini ya ardhi, yenye vifundo vinavyoweza kuchipua kila kimoja. Kwa hiyo kifaa kinachoyakatakata ndicho kibaya zaidi. Haro ya trekta ikipita kwenye shamba la sangari udongo ukiwa na unyevu huzalisha vipande elfu, na kila kipande kikipata mvua huwa mche. Plau ikipita wakati wa ukame mkali na kuinua mabonge makubwa yenye mizizi yakaanikwa juani kwa wiki kadhaa, habari ni nyingine: hapo trekta linasaidia. Kwenye eneo dogo, jembe uma ndilo bora. Huingizwa chini kabisa, udongo huinuliwa na kutikiswa, na mashina huvutwa yakiwa marefu. Hukusanywa juu ya bati au mwamba mpaka yakauke na kuvunjika mkononi. Kuyatupa kwenye shimo la mboji yakiwa mabichi ni kuyahamisha tu.

Ndago ni mkaidi zaidi. Kitabu cha LeRoy Holm na wenzake kuhusu magugu mabaya zaidi duniani, kilichotoka mwaka 1977, kiliiweka nafasi ya kwanza. Chini ya majani yake membamba kuna mnyororo wa viazi vidogo vilivyounganishwa na nyuzi. Mmea ukivutwa kwa mkono, uzi hukatika na viazi hubaki. Kile cha juu kinapokuwa hai huwazuia wenzake wasichipue. Kikiondolewa, waliolala huamka. Ndiyo maana mtu hung'oa ndago moja leo akakuta tatu wiki ijayo. Vingi viko ndani ya sentimita 20 za juu, na vina udhaifu wa aina mbili: ukavu na kivuli. Kuchimbua na kuanika kwenye jua kali huua vilivyofika juu. Vilivyobaki huchoshwa kwa kukatwa majani kila baada ya wiki mbili au tatu bila kuruka, kabla havijapata muda wa kutengeneza viazi vipya. Mkulima anayepalilia ndago mara moja kwa mwezi anaisaidia ipumue. Nailoni nyembamba ya kufunika ardhi haifui dafu, kwani ncha za ndago huitoboa. Maboksi yaliyopangwa tabaka kadhaa na kuwekewa nyasi nene juu hufanya vizuri zaidi kwenye vitalu vidogo vya mboga.

Kiduha kinahitaji mbinu tofauti kabisa, kwa sababu mbegu zake, ndogo mithili ya vumbi, zinaweza kulala udongoni zaidi ya miaka kumi na huamka tu zikinusa mizizi ya nafaka iliyo karibu. Kuzichimba haiwezekani. Hudanganywa. Watafiti wa kituo cha icipe huko Mbita, kando ya Ziwa Viktoria nchini Kenya, wakishirikiana na wa Rothamsted wa Uingereza, waligundua kwamba desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, ikipandwa kati ya mistari ya mahindi, mizizi yake hutoa kemikali inayoiotesha mbegu ya kiduha kisha inaizuia kushika mzizi wa mahindi, ikafa. Hiyo ni sehemu ya mbinu inayoitwa sukuma-vuta, ambayo pia hupunguza funza wa mabua. Shamba lililokutwa na kiduha kingi halifai kuanzwa na mahindi peke yake, hata kama kila jirani anapanda mahindi.

Wapo wanaopita njia ya dawa, na iliyozoeleka ni glaifosati. Hufanya kazi kwa kupenya majani mabichi na kushuka mizizini, kwa hiyo kuipiga kwenye nyasi zilizokauka, au siku moja baada ya kufyeka, ni kumwaga fedha. Wanaoijua hufyeka, husubiri mvua ichipushe majani mapya, ndipo hupiga. Viazi vya ndago vilivyolala bila majani huikwepa. Mwaka 2015, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, IARC, iliiweka kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Mamlaka nyingine, ikiwemo ya mazingira ya Marekani, hazikukubaliana nayo. Mabishano hayo hayamwondolei mtumiaji wajibu wa kuvaa glavu, barakoa na buti, kukaa mbali na kisima, na kununua dawa yenye usajili wa mamlaka ya viuatilifu, yaani TPHPA kwa Tanzania au PCPB kwa Kenya. Kwa robo ekari ya mboga, jembe uma na subira hutosha.

Udongo ukishakuwa wazi, huchimbwa shimo la kina cha sentimita 40 hivi na kutazamwa ubavuni. Mara nyingi, kwenye sentimita 15 kwenda 20, huonekana tabaka gumu lililoshindiliwa na majembe ya miaka mingi, na mizizi ya magugu imepinda hapo badala ya kushuka. Tabaka hilo hupasuliwa kwa sululu au jembe uma kwenye mistari ya kupandia, si lazima shamba zima. Udongo wa mfinyanzi usiguswe ukiwa umelowa. Ukifinyangwa hukauka ukawa tofali. Kwa kipimo cha kitaalamu huchotwa udongo wa sentimita 20 za juu kutoka sehemu kama 15 kwa mwendo wa nyoka, huchanganywa kwenye ndoo safi ya plastiki, na nusu kilo hupelekwa maabara za taasisi za utafiti wa kilimo, kama TARI Mlingano, Tanga, au KALRO, Kabete. Mahindi na maharage hupenda pH ya kati ya 5.5 na 7. Ikiwa chini ya hapo, chokaa ya kilimo huchanganywa udongoni wiki kadhaa kabla ya kupanda. Samadi nayo iwe imeoza miezi miwili au mitatu na kugeuzwa. Samadi mbichi huja na mbegu zote alizokula ng'ombe, na kazi ya kipupwe chote inakuwa bure.

Kisha hufuata hatua ambayo wenye haraka huiruka. Ardhi husawazishwa kama ya kupanda, lakini haipandwi. Mvua ya kwanza huziotesha mbegu za magugu zilizo karibu na uso, na zikiwa na majani mawili matatu, hukwanguliwa juu juu kwa jembe siku ya jua. Kulima kwa kina wakati huu ni kosa, kwani huleta juu kundi jipya la mbegu. Mkwanguo mmoja kama huo hupunguza palizi ya kwanza kwa kiasi kinachoonekana kwa macho, ingawa hugharimu siku kumi au zaidi za mvua. Penye msimu mfupi wa mvua, hizo ni siku ghali, na mkulima wa Dodoma anaweza kuamua kwa haki kabisa kuzitumia kupanda.

Mazao ya kwanza huchaguliwa kwa uwezo wao wa kufunika ardhi. Viazi vitamu hutandaza majani haraka na kivuli chake huidhoofisha ndago. Kunde, maboga na fiwi hufanya hivyo pia, na wakati wa kuchimba viazi udongo hugeuzwa tena, mizizi iliyosalia ikaokotwa. Vitunguu na karoti, vyenye majani membamba na ukuaji wa polepole, visubiri msimu wa pili au wa tatu. Sehemu ambayo haitalimwa mwaka huu haiachwi wazi. Hupandwa marejea, mmea wa kurutubisha ardhi uliopata sifa kusini mwa Tanzania kupitia Wabenediktini wa Peramiho, au mukuna, ambao ni ndugu asiyewasha wa upupu. Mwenye nguvu za mtu mmoja na ekari nzima ya pori hufanya vizuri kumaliza robo ya kwanza hadi palizi ya pili, huku robo tatu zikifyekwa tu zisitoe mbegu. Ukingoni huachwa njia ya nusu mita iliyokwanguliwa kila mwezi, kwa sababu sangari ya jirani haisubiri msimu kuvuka mpaka.